Mbaruk wa Gazi: Mzee wa Vita na Mashamba

Hakuna ukoo wa pwani usiokuwa na babu wa kutajwa barazani. Kuna aliyekwenda Burma katika vita vya pili vya dunia, akarudi na koti zito la askari, akalitundika msumarini na kushika jembe lake. Kuna aliyechukuliwa kuwa mpagazi katika vita vya Wajerumani na asirudi. Wajukuu huwataja babu hao kwa fahari, na mara nyingi huyataja yale tu yanayopendeza kusikika.

Lakini kusini mwa Mombasa, kutoka Tiwi hata Vanga, yuko mzee mmoja ambaye si wa ukoo mmoja tu. Naye ni Sheikh Mbaruk bin Rashid bin Salim al-Mazrui, maarufu kwa jina la Mbaruk wa Gazi. Alipigana na masultani wa Unguja, kisha akapigana na Waingereza, na kati ya vita na vita akawa bwana wa mashamba. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910, mbali na minazi yake. Wapo wamwitao shujaa, na wapo wamwitao jabari. Makala haya yataka kumtazama jinsi alivyokuwa, kama mjukuu mwenye adabu amtazamavyo babu yake: kwa heshima, lakini macho yakiwa wazi.

MJUKUU WA LIWALI

Kumfahamu Mbaruk yatubidi tuanzie Mombasa kabla hajapata umri wa kushika silaha. Baada ya Wareno kutolewa katika Ngome ya Yesu mwezi wa Desemba mwaka 1698, mji ukaingia chini ya Oman, na katika karne iliyofuata uliwali ukashikwa na Mazrui. Utawala wa Oman ulipotwaliwa na Al-Busaidi, Mazrui walikataa kuwatambua. Kwa muda wa karibu miaka mia moja wakaitawala Mombasa kama mji wao wenyewe.

Babu yake Mbaruk, Salim bin Ahmed, ndiye aliyekuwa liwali wakati Seyyid Said bin Sultan alipokuja na majahazi yake ya vita kuitaka Mombasa. Zaidi ya mara moja Seyyid Said alikuja, na zaidi ya mara moja akarudi bila ya kupata alichokitaka. Hizo ndizo zama za Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita, aliyesimama upande wa Mazrui na kuwatolea maneno makali maadui wa mji.

Kilichoiangusha Mombasa hakikuwa mizinga ya Seyyid Said peke yake. Salim alipofariki mwaka 1835, wenyewe kwa wenyewe wakagombania kiti. Wazee walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Lakini pale alikuwapo mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo kwa kapu, si kwa jembe. Rashid bin Salim, babake Mbaruk, ndiye aliyebakia na uliwali, na naye hakudumu. Mwaka 1837 Seyyid Said aliingia Mombasa kwa masikilizano, Mazrui wakaachiwa kukaa mjini. Muda si mrefu wakubwa wao wakakamatwa kwa hila, zaidi ya watu ishirini, wakatiwa chomboni na kupelekwa Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi. Rashid alikuwa miongoni mwao. Hawakurudi tena.

Mbaruk alikuwa bado mdogo. Alilelewa katika nyumba za watu waliokimbia, akisikia habari za babu aliyeilinda ngome na za baba aliyekwenda kufa katika kifungo cha ugenini. Aliyeyasikia hayo utotoni hawezi kuiona bendera nyekundu ya Unguja kama waionavyo wengine.

MAKAO MAPYA, MINAZI MIPYA

Mazrui waliosalimika waligawanyika pande mbili. Wengine walikwenda kaskazini wakajenga Takaungu, karibu na Kilifi. Wengine wakashika njia ya kusini wakakaa Gazi, kiasi cha kilomita 50 kutoka Mombasa. Mkuu wa kwanza wa Gazi alikuwa Abdallah bin Khamis, na katika miaka ya 1860 ukubwa ukamfikia Mbaruk.

Gazi ni mahali palipochaguliwa na watu wenye akili. Ghuba yake imezungukwa na mikoko, jahazi kubwa haliwezi kuingia kwa ghafula. Nyuma yake kuna ardhi ya kulimika, na nyuma ya ardhi hiyo vinapanda vilima vya Shimba na msitu wake. Mtu wa Gazi ana bahari ya biashara mbele yake, shamba chini ya miguu yake, na maficho mgongoni.

Na mashamba ndiyo yaliyompa mtu nguvu. Baina ya mwaka 1840 na 1890 pwani yote hii ilikuwa ghala. Mtama, mahindi na ufuta vilipakiwa majahazini kupelekwa Unguja na hata Arabuni, na minazi ilitoa mbata, makuti, mafuta na kamba. Mwenye nafaka alikuwa na kitu cha kubadilisha kwa bunduki na baruti, na cha kuwalisha watu wake njaa ilipoingia. Majirani wa Gazi, Wadigo na Waduruma, walikuwa wakiuza na kununua pamoja na Mazrui, na jina la mkubwa mwenye ghala lilifika mbali kuliko risasi zake.

Kupanda mnazi ni jambo la mtu anayekusudia kukaa. Mtama huvunwa baada ya miezi michache, lakini mnazi wa zamani ulimngojesha mwenyewe miaka sita, saba, kabla hajaona dafu la kwanza, na ukishashika hudumu umri wa mtu na kuzidi. Mwanamume aliyepanda safu za minazi Gazi alikuwa akitangaza kwamba ukoo huu hauhami tena.

Hapa ndipo lazima tuseme lile ambalo baraza nyingi hulipita kwa haraka. Mashamba hayo hayakulimwa na mikono ya Sheikh Mbaruk. Yalilimwa na watumwa, watu waliotolewa Nyasa na Uyao na nchi nyingine za bara, wakaletwa kwa miguu na kwa majahazi. Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa mwaka 1873 wa kuifunga biashara hiyo baharini, misafara ilihamia njia ya nchi kavu kutoka kusini, na njia hiyo ilipita katika sehemu za Vanga na Gazi. Mbaruk alifaidika nayo. Hadithi zisimuliwazo Gazi juu ya ukali wake, wa kumfungia mtu chumbani na kumfukizia moshi wa pilipili, hazikuanzishwa na maadui wa Kizungu peke yao. Zilikaa vinywani mwa watu wa hapo hapo.

Na pamoja na hayo, huyu huyu mwenye watumwa aliwapokea watoro. Mtumwa aliyemkimbia bwana wake Mombasa au Takaungu aliweza kufika kwa Mbaruk, akapewa bunduki na mahali pa kulala, akawa askari wake. Haikuwa huruma tupu. Alihitaji watu wa kupigana, na mtu asiyekuwa na pa kurudi hupigana kwa moyo. Lakini kwa yule mtoro, ile bunduki ilikuwa kitu kikubwa kuliko nia ya aliyeitoa.

MWELE NA VITA VYA UNGUJA

Mbaruk aligombana na Unguja mara kadhaa. Wakati wa Seyyid Barghash, aliyekalia kiti mwaka 1870, ugomvi huo haukupoa ila kwa vipindi. Mtindo ulikuwa mmoja. Jeshi la Sultani likija Gazi, Mbaruk huacha nyumba na mashamba, akapanda vilimani hadi Mwele. Huko alikuwa na boma la magogo na miiba katikati ya msitu, lenye njia ambazo mgeni hawezi kuzijua. Jeshi likichoka, au masika yakiingia na njia zikawa matope, mazungumzo hufanywa, Mbaruk husamehewa, naye hurudi Gazi kuangalia minazi yake imebakia mingapi.

Mwaka 1882 Barghash alikusudia kumaliza maneno. Alimtuma Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyetoka katika jeshi la maji la kwao na kuliongoza jeshi la Sultani. Mathews aliuzunguka Mwele na kuutwaa. Walipoingia ndani, Mbaruk hawakumkuta. Alikwisha kupenya pamoja na watu wake. Baada ya muda yakaja mapatano mengine, na mzee akarudi tena Gazi.

Katika vita hivyo vyote Takaungu hawakusimama na Gazi. Ndugu wa kaskazini walikuwa wamepatana na Unguja, wakalima na kufanya biashara kwa salama, wala hawakuona sababu ya kuchomewa mashamba kwa ajili ya kisasi cha mwaka 1837. Tusiwahukumu upesi. Mkulima mwenye mtama shambani huogopa vita kuliko askari anavyoviogopa.

KAMPUNI YAINGIA

Mwaka 1888 mambo yaligeuka. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata ruhusa ya kutawala pwani hii kwa jina la Sultani. Mwaka huo huo, upande wa Wajerumani, Abushiri bin Salim wa Pangani, naye mwenye mashamba, alisimama kuwapinga. Alinyongwa mwezi wa Desemba mwaka 1889. Mbaruk aliyatazama hayo kutoka Gazi na akachagua kutulia. Kampuni ilimpa posho, naye akaishi nayo kwa amani. Kwa mtu aliyekwisha kupigana nusu ya umri wake, posho na minazi na utulivu havikuwa vitu vidogo.

Moto haukuwashwa Gazi, uliwashwa Takaungu. Mwezi wa Februari mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu. Waliotaka kiti walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Rashid, mwana wa marehemu. Mwingine ni Mbaruk bin Rashid wa Takaungu, mwana wa mkubwa aliyetangulia, ambaye wengi walimwona kuwa ndiye mwenye haki kwa desturi. Msomaji asichanganye: huyu ni Mbaruk wa pili, jamaa wa yule wa Gazi. Kampuni ilimchagua Rashid kwa sababu ilimwona ni rafiki yake. Desturi ya ukoo ikawa imekatwa na watu wasiokuwa wa ukoo, na Mbaruk wa Takaungu pamoja na nduguye Aziz wakashika silaha.

Waliposhindwa Takaungu walikimbia, na Mbaruk mdogo akaja Gazi kwa mkubwa wake. Hapo mzee akawa katika mtego. Tarehe 1 Julai mwaka 1895 Kampuni iliondoka, na serikali ya Uingereza yenyewe ikashika nchi kwa mkono wa balozi wake, Arthur Hardinge. Hardinge alimtaka Sheikh Mbaruk amtoe jamaa yake. Kumtoa mgeni aliyekimbilia kwako, tena wa damu yako, kwa adabu zetu za pwani na kwa adabu za Waarabu ni fedheha ambayo haioshwi. Kumkataa Hardinge ni vita. Mzee alisitasita, na wakati bado yu katika kusitasita, askari walikuja Gazi. Akafanya kama alivyofanya sikuzote: akaiacha nyumba yake, akapanda Mwele.

TAREHE 17 AGOSTI 1895

Safari hii aliyekuja hakuwa Barghash. Aliongoza Admirali Harry Rawson, na pamoja naye mamia ya mabaharia wa manowari na askari wa Kisudani na wa Unguja. Mathews alikuwapo pia, miaka kumi na mitatu baada ya kuja kwake kwa kwanza. Walipanda vilimani na mizinga na roketi, na tarehe 17 Agosti mwaka 1895 wakalipiga boma la Mwele. Watu wa Mbaruk walijibu kwa magobori yao kutoka nyuma ya magogo, na Mathews mwenyewe akajeruhiwa begani. Lakini boma la miti halishindani na mizinga ya manowari. Mwele ukaanguka, ukachomwa.

Na kwa mara nyingine walipomtafuta Mbaruk hawakumpata.

Rawson huyu ndiye aliyerudi mwaka uliofuata, tarehe 27 Agosti 1896, akaipiga mizinga jumba la Sultani Unguja katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Yaani katika muda wa mwaka mmoja na siku kumi, mkono ule ule ulimvunja adui wa Sultani kwa jina la Sultani, kisha ukalivunja jumba la Sultani lenyewe. Laiti wazee wa Unguja na wa Gazi wangalilijua hilo mapema, huenda ugomvi wao wa miaka mingi wangaliupima kwa mizani nyingine.

Mabaharia waliopigana Mwele walipewa medali, na jina la kile kilima limechorwa ukingoni mwake pamoja na mwaka. Medali hizo mpaka leo huuzwa na kununuliwa na wakusanyaji wa vitu vya kale Uingereza. Waliokuwa ndani ya boma hawakupewa kitu, na wengi wao hata majina hayakuandikwa.

NYIKA YAWAKA

Vita vya porini vilianza hapo. Watu wa Mbaruk walikuwa upande wa kusini, wa Aziz upande wa kaskazini. Hamisi bin Kombo wa Mtwapa, mzee wa Thenashara Taifa, naye akaingia, na kwa hivyo vita havikuwa vya Mazrui peke yao tena. Katika Wagiriama kulikuwa na waliowapa chakula na njia wapiganaji wa kaskazini. Malindi ilishambuliwa. Kusini, vijiji baina ya Vanga na Likoni havikujua usiku upi utaingia na nani.

Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi hapa ni mkulima mdogo. Wapiganaji walihitaji kula, wakachukua ghalani. Serikali nayo ilijua kwamba njia ya kumvunja adui asiyeonekana ni kumnyima chakula, ikachoma vijiji na maghala. Mashamba yaliachwa bila kupaliliwa katika majira mawili. Miaka miwili, mitatu baadaye, mvua zilipokosekana, pwani na nyika zikaingia katika njaa kubwa ya mwaka 1898 na 1899, na kulikuwa na sehemu ambazo tayari hazikuwa na akiba.

Mwezi wa Machi mwaka 1896 Waingereza walileta kikosi kutoka Bara Hindi. Mzee hakuwa na Mwele wa kukimbilia tena, wala hakuwa na umri wa kulala msituni masika mengine. Mwezi wa Aprili aliuvuka mpaka wa kusini na kuingia nchi ya Wajerumani, akifuatwa na watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake, waungwana na watumwa na waliokuwa watoro. Walifika Moa, kaskazini ya Tanga, wakaweka silaha zao mbele ya Gavana Hermann von Wissmann. Huyo ndiye aliyemwangamiza Abushiri. Lakini safari hii Wissmann alipokea silaha na kutoa hifadhi, kwani Mbaruk hakuwa adui wa Wajerumani, na Waingereza walifurahi kuona ameondoka.

Mwezi mmoja baada ya hapo, mwishoni mwa Mei mwaka 1896, reli ya kwenda Uganda ilianza kutandazwa kutoka Mombasa.

UGENINI

Mbaruk alikaa Dar es Salaam muda wa miaka kumi na minne. Wapo katika waliomfuata ambao walirudi makwao kidogo kidogo baada ya msamaha kutolewa. Yeye hakurudi. Baba alikufa Bandar Abbas kwa kulazimishwa. Mwana alikufa Dar es Salaam baada ya kuvuka mpaka kwa miguu yake mwenyewe. Baina ya misiba hiyo miwili ni miaka sabini na zaidi kidogo, na ndani yake umo mwisho wa dola ya Mazrui.

Gazi nayo haikungoja. Mwaka 1907 sheria iliyoukomesha utumwa ilitolewa katika nchi hii, na mabwana wa mashamba waliopoteza watu wao walibaki na minazi bila ya wakwezi. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye dai aje athibitishe kwa karatasi. Wa kwanza kukosa walikuwa wasiokuwapo, wasiosoma, na wale ambao haki yao ilikuwa ya desturi tu. Pande kubwa za ardhi ya kusini, na Gazi ikiwa humo, zikaingia mikononi mwa kampuni ya mashamba ya Kizungu. Pwani tuna jambo geni kwa watu wa bara: mnazi waweza kuwa wako na ardhi iliyouotesha ikawa ya mwingine. Maneno ya ardhi ambayo yamewachosha watu wa Kwale na Kilifi mpaka zama zetu, mizizi yake mingi imo katika miaka ile kumi na mitano baada ya Mwele kuchomwa.

Vita navyo vilirudi pale pale. Mwaka 1914 Wajerumani waliuvuka mpaka wakaishambulia Gazi, wakarudishwa. Mwingereza mmoja aitwaye Arthur Wavell, aliyekuwa mwenye shamba la mkonge karibu na Mombasa na aliyepata kusafiri mpaka Makka, alikusanya kikosi cha Waarabu wa pwani kupigana upande wa Uingereza. Mwezi wa Januari mwaka 1916 Wavell aliuawa pamoja na watu katika kikosi chake, na mahali penyewe ni Mwele. Miaka ishirini nyuma, Mwarabu aliyekufa katika msitu ule alikuwa muasi. Sasa alikuwa askari wa mfalme, na ukumbusho ukajengwa Mombasa. Kilima ni kimoja, damu ni moja. Kilichobadilika ni bendera tu.

TUMKUMBUKE VIPI?

Nyumba ya Sheikh Mbaruk pale Gazi ilipata kuwa skuli ya watoto, na mlango wake wa nakshi ukapelekwa Ngome ya Yesu, ile ile ambayo babu yake aliilinda na baba yake akaipoteza. Sidhani kama mpangaji wa vitu vya makumbusho alikusudia hivyo, lakini mlango umerudi kwao. Watu wa Gazi siku hizi hutajwa kwa jambo jingine kabisa: wanaitunza mikoko ya ghuba yao kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, na fedha zitokazo humo huwafaa katika maji na skuli. Mikoko ile ile iliyomkinga Mbaruk na majahazi ya Unguja sasa inawalisha wajukuu wa watu wake wote, wa juu na wa chini.

Dini yetu yatufundisha kuwataja kwa wema waliotutangulia. Pia yatufundisha kusema haki, hata ikiwa juu ya nafsi zetu na wazazi wetu. Mafundisho hayo mawili hayagombani. Wema wa Mbaruk ni kwamba hakumuuza jamaa aliyemkimbilia, na kwamba alikataa kuwekewa mkubwa na mgeni. Haki ni kusema kwamba hakupigania uhuru wa watu wote wa pwani. Alipigania ukubwa wa nyumba yake, na chini ya ukubwa huo walikuwapo watu waliolima bila ujira na kulia bila kusikilizwa.

Jambo hili si la kale. Ijumaa katika msikiti wowote wa kusini, bega kwa bega katika safu moja, husimama mjukuu wa mwenye shamba, mjukuu wa aliyelilima shamba lile kwa kulazimishwa, mjukuu wa Mdigo aliyechomewa ghala katika vita visivyokuwa vyake, na mjukuu wa mtoro aliyeshika bunduki Mwele. Wa kwanza akimsimulia Mbaruk kama malaika, wa pili atanyamaza, lakini hatasahau. Na wa pili akimsimulia kama shetani, wa kwanza ataondoka barazani. Hadithi ambayo wote wanne wanaweza kuisikiliza mpaka mwisho ni ile iliyotimia.

Katika ukoo wa Mazrui wenyewe walitokea waliochagua njia nyingine. Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyezaliwa mwaka 1891, alikuwa mtoto wa miaka minne Mwele ulipoanguka. Alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, na katika miaka ya 1930 alitoa magazeti, Sahifa kisha Al-Islah, kuwaamsha Waislamu wa pwani kwa elimu. Tena aliandika kwa Kiarabu historia ya wazee wake wa Mombasa, ili wajukuu wasiichukue kutoka katika ripoti za mabalozi peke yake.

Kazi hiyo haijesha. Wako bado watu wazima Gazi, Msambweni, Mtwapa na Takaungu waliosikia mambo haya kutoka kwa waliosikia kwa waliokuwapo. Vijana wakae nao, waulize majina ya mashamba na ya waliokuwa wakiyalima, waulize nani alikufa wapi, na waandike. Waandike na yale yasiyopendeza.

Mola amrehemu Sheikh Mbaruk bin Rashid, awarehemu na wale wasiojulikana majina yao waliopanda minazi ya Gazi. Amin.